Alama Nyeupe Mgongoni

Mume wangu Kalisti aliwaita wale panya mashemeji. Walitoka Ushirombo, kwetu, na yeye ni Msukuma wa Songwa, kwa hiyo aliona ana haki zote za kuwatania. Kila asubuhi alipoingia kwenye kibanda chake cha kuchomea dhahabu alivigonga vizimba kwa kidole, akawauliza wameamkaje, na kama wanaona aibu kidogo kula bure nyumbani kwa mkwilima wao, mume wa dada yao. Mimi nilicheka, na nilicheka kweli. Mwaka huo wa 1998 nilikuwa na kazi, na nilikuwa na ahadi ya Kalisti mfukoni.

Nieleze hiyo ahadi, maana mambo yote yaliyofuata yametokana nayo.

Tulikaa Rwamgasa. Kalisti alikwisha kuacha kushuka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji. Kazi yake ilikuwa kuchoma. Wachimbaji walimletea donge lao la dhahabu iliyoshikamana na zebaki, wenyewe huiita mekyuri, naye aliliweka kwenye kipande cha bati juu ya makaa akalipepea mpaka zebaki yote ikaondoka na moshi na dhahabu ikabaki. Kibanda kilizibwa pande tatu kwa sababu aliamini upepo unaiba dhahabu. Alifanya kazi hiyo miaka sita. Mwaka wa nne mikono ilianza kutetemeka. Mwaka wa tano alishindwa kufunga vifungo vya shati, nikawa namfungia mimi, naye akawa anasema ni kwinini ya malaria ya zamani. Malaria gani hiyo isiyoisha, sijui.

Binti yetu Serafina alikuwa na miaka minne, na kama kuna mtu aliyempenda duniani, ni baba yake. Alishinda naye humo kibandani kwenye benchi, akisimuliwa hadithi za fisi wa Kishapu, moshi ukiwapitia wote wawili. Nilisema mpaka koo likakauka. Mwezi wa kwanza, barabara zilipopitika baada ya zile mvua za balaa, nilimchukua mtoto nikampeleka kwa mama yangu Ushirombo. Kalisti hakusema nami wiki mbili.

Ndipo akaja Daktari Ezekiel. Alikuwa mtafiti wa chuo, kijana mwembamba mwenye heshima sana, na swali alilokuja nalo lilikuwa lile lile langu: moshi huu unafanya nini kwenye kichwa cha kiumbe? Alihitaji msaidizi, na mimi niliwahi kuwa mhudumu wa maabara katika shule ya misheni kabla ya kuolewa. Alihitaji pia kibanda cha mchomaji. Kalisti alikubali kukitoa kwa sharti, akalitamka mbele ya Daktari ili nisije nikaligeuza. Mashine ya Daktari ikisema moshi unawaharibu panya, atazima jiko lake na tutahamia Ushirombo kulima. Ikisema hauwaharibu, mtoto anarudi nyumbani na mimi nafunga mdomo. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Panya walikuwa ishirini na wanne, wa kahawia, wote wa ukoo mmoja. Kumi na wawili tuliwaweka kibandani kwa Kalisti wavute anachovuta. Kumi na wawili wengine tuliwaweka upande wa pili wa kijiji, chumba cha nyuma cha ghala la zamani la pamba, ambako moshi hauendi. Chakula kilikuwa kimoja na maji mamoja. Katikati ya ghala fundi seremala alitutengenezea mzingo wa mbao, vichochoro vyembamba vyenye kona saba na njia za kupoteza, na mwisho wake karanga tatu. Juu, kwenye boriti, ilining'inia kamera ya video ikiangalia chini, na waya wake ulishuka hadi kwenye kompyuta. Jenereta ilinguruma nje.

Kazi ya ile kompyuta ilikuwa moja tu, kufuata. Iliangalia sakafu ya mzingo, ikatafuta kitu kisichofanana na sakafu, ikakibandika kimsalaba chekundu, kisha ikakifuata kila kinapokwenda. Panya akifika mwisho, ilichora njia yake yote na kuhesabu: ametumia muda gani, amekosea kona ngapi, amejibana ukutani kwa muda gani. Daktari aliniambia kwamba zamani watu walikaa na saa na kalamu, na kila mmoja aliona alichotaka kuona.

"Hii haina mume wala mtoto," alisema, akitabasamu kidogo. "Itaona kilichopo."

Wiki ya kwanza haikuona chochote. Programu ilikuwa imezoea panya weupe wa Ulaya, na wetu walikuwa rangi ya mbao zenyewe. Kimsalaba kilifuata kivuli cha boriti. Kilifuata mkono wangu. Siku moja kilimfuata mende kona zote saba mpaka kwenye karanga, na Daktari akacheka hadi akatoa miwani kufuta machozi, akasema huyo ndiye mwanafunzi bora wa Rwamgasa. Tulipaka sakafu rangi nyeusi. Afadhali, lakini mgongo wa kahawia juu ya weusi bado ulipotea kwenye kona.

Kompyuta haikuona, ila mimi nilikuwa na macho. Panya wa kibandani walikwisha kukaa mwezi mzima kwenye moshi kabla mashine haijafika, na niliwaona wakitembea ubavu wao umegusa ukuta, wakisimama kwenye kona huku ndevu zikitetemeka, halafu wakirudi walikotoka. Wale wa ghalani walikwenda kwenye karanga kama mtu anayeingia jikoni kwake. Mtoto mdogo angeona tofauti. Basi nikalala usingizi mzuri, na nikamwandikia mama atutengee kipande cha shamba karibu na mto.

Kilichobaki kilikuwa kuwapa wale panya alama nyeupe mgongoni ili kompyuta nayo ione nilichokiona mimi. Tulijaribu unga wa mahindi, wakaulamba kabla hatujafunga mlango. Tulijaribu chokaa, ikapukutika njiani na kimsalaba kikabaki kinalinda vumbi. Rangi ya mafuta Daktari aliikataa, akasema harufu yake itawavuruga. Alikaa juu ya pipa la dizeli ameshika kichwa. Ndipo mimi, mjanja wa mjini, nikasema ngoja.

Nilikuwa na krimu yangu ya usoni. Niliinunua Geita, dukani kwa Induben, mama wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, kikopo cha bluu chenye picha ya mwanamke mweupe anayecheka. Nilijipaka tangu mwaka wa harusi. Kalisti aliniona mweusi akanioa, lakini akanisifu nilipoanza kung'aa, na nani anaacha kitu anachosifiwa? Induben mwenyewe alinionya nisipake mchana, jua litanichubua. Lile lilikuwa onyo lake lote. Krimu ilikuwa nzito, nyeupe kabisa, na haikutoka hata kwa jasho la jikoni.

Nilichota kwa kidole, nikampaka panya mmoja doa katikati ya mabega. Daktari alimweka kwenye mzingo. Kimsalaba kikamrukia, kikamganda, kikamfuata kona ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba, na mstari mzima ukachorwa kwenye kioo bila kukatika. Daktari alisimama akanipa mkono. Alisema akiandika ripoti ataweka jina langu, Salvina, kwa herufi kubwa. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kama mke wa mkuu wa wilaya.

Tangu hapo, kila asubuhi kwa wiki sita, niliwapaka wote ishirini na wanne. Wa kibandani na wa ghalani, sawasawa, maana Daktari alisisitiza wote watendewe sawa. Mgongoni mwake mwenyewe ulimi wa panya haufiki vizuri, lakini panya ni viumbe wa kusafishana. Ilipofika jioni doa lilikuwa limelambwa lote, na asubuhi nilipaka jingine. Kopo likiisha nilinunua kopo. Nilinunua makopo tisa.

Wiki ya nne panya mmoja wa ghalani alisimama kwenye kona ya pili. Ndevu zilitetemeka. Akageuka, akajibana ukutani, akarudi alikotoka. Nilijiambia ni kelele za jenereta. Kesho yake walikuwa watatu. Nikajiambia ni baridi, kisha nikajiambia wamechoka karanga. Nilimweleza Daktari, naye akanijibu kwa upole kwamba tuiache mashine iseme, tusiisaidie.

Ikasema. Mwisho wa wiki ya sita Daktari alichapa karatasi mbili akaziweka mezani kando kwa kando, moja ya kibandani na moja ya ghalani. Zote zilijaa mistari iliyovurugika kama uzi aliouchezea paka. Nilimwomba anionyeshe ipi ni ipi. Alizisoma namba, akazisoma tena.

"Hakuna tofauti," alisema.

Nilimwomba aipigishe tena hesabu, akaipigisha. Mchana ule ule panya wote waliuawa, kama kibali cha utafiti kilivyoagiza, na nikawazika mwenyewe kwenye shimo la chokaa nyuma ya ghala. Niliwazika mashemeji zake Kalisti nikilia, na sikuwa nawalilia wao.

Kibali kiliagiza pia kijiji kielezwe. Watu walikusanyika kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, wachimbaji, wake zao, na wazee wengi ambao Kiswahili hukisikia kwenye mikutano tu. Daktari alisimama akazungumza kwa uangalifu mkubwa. Alisema kukosekana kwa tofauti kati ya makundi mawili hakuna maana kwamba moshi hauna madhara. Alisema makundi yote mawili yalifanya vibaya, na yeye hajui sababu, na mtu mwenye busara angeendelea kuuogopa moshi. Alizungumza dakika kumi hivi. Nilikuwa namtazama Kalisti.

Mtendaji wa kijiji akainuka kuwatafsiria wazee kwa Kisukuma. Alikuna shingo, akaangalia juu, akatafuta maneno, kisha akasema mawili.

"Mhola duhu."

Ni salama tu. Ndivyo mtu anavyojibu akisalimiwa njiani, hata kama ametoka kuzika. Watu walipiga makofi. Daktari aliinua mkono aongeze jambo, lakini wanawake walikwisha kuanza vigelegele na mikono ya watu ilikuwa inamfuata kumshukuru. Kalisti naye alikwenda kumshika mkono, kwa mkono wake ule unaotetemeka, na hakuna mtu aliyeuona. Hata kabla hatujafika nyumbani alikwisha kumsimamisha dereva wa lori la mbao liendalo Ushirombo, akampa ujumbe kwa mama yangu: mtoto arudi Jumamosi.

Kesho yake nilimsaidia Daktari kufunga vitu. Kompyuta ilikuwa ya kuazima na ilitakiwa Mwanza Jumatatu. Nilikuwa nakunja waya nilipogundua kwamba ameacha kufunga. Alikuwa amelifuta kopo langu la mwisho ili anirudishie, na sasa alilisogeza karibu na dirisha, akalisoma ubavuni.

"Mama Serafina, hii krimu ni ya nini hasa?"

"Ya usoni. Ya kung'arisha."

Alinigeuzia. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, madogo kama mayai ya siafu, na kwa miaka ile yote sikuwahi kuyatazama, maana picha ya yule mwanamke ilinitosha. Kidole chake kilikuwa chini ya neno moja. Nililijua, kwa sababu liliandikwa vile vile kwenye chupa anayoiweka Kalisti chini ya benchi. Mekyuri.

Nilikaa chini sakafuni.

"Tumewapaka wote," Daktari alisema. Alisema tumewapaka. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Nilimwuliza kama tunaweza kuanza upya. Panya wapo Ushirombo, nitawatega mwenyewe, nitawapaka kitu kingine, hata tui la nazi. Alinieleza yote niliyokwisha kuyajua: kompyuta, kibali, muda umekwisha. Akaniambia pia niache kujipaka leo hii, na akaniuliza miaka mingapi. Nilipomjibu alivua miwani na hakuifuta wala hakuivaa. Kisha akaandika barua kwa Kiswahili kizuri, kwamba jaribio limeharibika, matokeo yake yasitumiwe na mtu, na moshi wa zebaki ni sumu. Akatia sahihi. Alipoondoka aliniomba radhi mimi.

Nilianza kwa mtendaji. Aliisoma barua akiwa amesimama, akaniambia muhtasari wa mkutano umekwisha kwenda kata.

"Halafu watu wamekwisha furahi, Mama Serafina. Niwaite tena niwaambie nini? Wanune?"

Nikaenda kwa Kalisti. Alikuwa kibandani anafagia mahali vizimba vilipokuwa. Aliichukua barua, na karatasi ikatetemeka mkononi mwake hadi herufi hazisomeki, akailaza kwenye benchi, akaikandamiza kwa viganja vyote viwili, akaisoma hivyo, ameinama. Nikaweka kopo kando yake, nikamwonyesha lile neno.

Alilifuata kwa kidole, herufi kwa herufi. Nilidhani limeingia.

"Mashine ingesema ulichotaka," alisema, "ungeniletea hili kopo?"

Nililigeuza kopo, picha ikaelekea chini.

"Miaka sita unajipaka hii," akaendelea, bila hasira yoyote. "Unakwenda sokoni, unapika, unanigombeza mchana kutwa. Umekufa? Kama ni sumu, basi sote tumekwisha kuizoea. Tulikubaliana, Mama Sera."

Laiti angekuwa mtu mbaya. Ningepata la kusema, ningepiga kelele, ningemwita padri. Lakini alikuwa ameshika neno lake kama nilivyotaka alishike, na neno nililiharibu mimi, kwa kidole changu hiki, kila asubuhi, nikijisifu. Niliwaza kwenda Ushirombo kumficha mtoto. Kwa nani? Mama yangu amelelewa kujua kwamba mtoto ni wa baba yake, na ng'ombe wa mahari wa Kalisti wamekwisha kuzaa mara mbili kwenye zizi letu. Angenilisha, angenipa pole, na Jumamosi angempandisha mtoto kwenye lori.

Jumamosi nilinawa uso kwa sabuni ya kufulia mara tatu, na mikono hadi kwenye viwiko, kabla ya kwenda barabarani. Lori lilifika saa tisa. Serafina alishushwa na dereva, amerefuka, ameshika kikapu cha viazi alivyopewa na bibi yake. Alinikumbatia, akaniambia nanuka sabuni. Nilimshika kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Kisha akajinasua akauliza, "Baba yuko wapi?" na hakusubiri jibu, maana anajua baba yake huwa wapi.

Nilimfuata. Kalisti alikuwa amewasha makaa na donge la mtu lilikuwa juu ya bati. Alimwona, akaacha kupepea, na uso wake wote ukafunguka. Sijamwona na furaha kama ile tangu mtoto azaliwe. Mtoto alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, halafu Kalisti akamsalimia tena kwa Kisukuma, kama alivyomfundisha tangu anaanza kusema, akimwuliza kama huko atokako ni wazima.

"Mhola duhu," alijibu mwanangu.

Akapanda kwenye benchi, akakaa pale pale vilipokuwa vizimba, miguu ikining'inia. Bati likaanza kutoa moshi. Akainama mbele kuangalia dhahabu inavyojitokeza, kwa sababu hicho ndicho alichokuwa akikipenda kuliko hadithi. Nikasema, "Sera, njoo nje." Akasema anakuja. Nikasema tena. Kalisti akanitazama tu, akaendelea kupepea.

Nilibaki nimesimama pale penye mlango. Nimesimama hapo siku nyingi tangu siku ile. Akisogea kwenye benchi macho yangu yanasogea naye, akishuka kuokota kaa nashuka naye, akirudi narudi, simpotezi hata kidogo. Kile kimsalaba chekundu nacho kiliwafuata wale panya kona zote saba bila kumpoteza hata mmoja, na hakikuwahi kumgeuza yeyote.